Nilivyosikiliza Vitabu vya Wabudha Huko Mayoni

NDUGU msomaji, kabla hujanifikiria vibaya kwa kichwa cha habari nilichokiweka hapo juu, nipe nafasi nikueleze ilivyokuwa. Mimi ni mtoto wa chuoni. Nilianza alifu na be ubaoni mbele ya mwalimu ambaye hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili, nikahitimu msahafu kabla sijaota ndevu, na hata leo sioni kama siku yangu imekamilika bila ya uradi baada ya sala ya alfajiri. Sikuhama dini, wala sikwenda kutafuta dini. Nilichokitafuta ni kitu cha kusoma, na macho ya kusomea sikuwa nayo.

Maana mwaka huu nilitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na la kushoto bado linangoja zamu yake. Daktari akaniambia, "Mzee, kwa wiki kadhaa usiyachoshe macho. Weka kalamu chini." Kumwambia mwandishi aweke kalamu chini ni kama kumwambia mvuvi atundike nyavu darini na huku bahari imejaa samaki. Dada yangu akaniita niende nikapumzike kwake Mayoni, huko Matungu katika kaunti ya Kakamega. Mombasa, alisema, wageni wangu hawataniacha nikapumzika, na mimi mwenyewe sitajiacha.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: dada wa Kimvita anafanya nini Mayoni? Jibu lake ni la zamani. Mayoni si mbali na Mumias, na Mumias ndiko misafara ya babu zetu ilikokuwa ikipiga kambi katika karne ya 19. Wao walipaita Kwa Shiundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Mumia alishika kiti cha babaye mwaka 1882, akafa mwaka 1949, na katika zama zake Uislamu ulitia mizizi huko. Basi Mumias hapakosi kanzu, wala hapakosi mtu mwenye shangazi pwani. Marehemu shemeji yangu alikuwa mtu wa Wanga aliyekuja Mombasa kutafuta kazi, akaoa kwetu, kisha akarudi kwao na mkewe. Yeye ametangulia mbele ya haki, na mkewe amebaki pale pale, na Kiswahili chake cha Kibokoni sasa kimechanganyika na Kiwanga hata mimi mara nyingine humwomba anifasirie.

Basi nikawa nakaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, nimevaa miwani meusi, nasikiliza trekta za miwa zikipita na kuku wakigombana. Siku ya tatu nikachoka. Mpwa wangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinionea huruma. "Mjomba," akasema, "siku hizi vitabu havisomwi tu, husikilizwa. Nipe simu yako."

Kwanza alitafuta kwa Kiswahili. Akapata Biblia, akapata mawaidha ya masheikh wetu, akapata hotuba za wanasiasa na taarabu za kila namna. Kitabu cha fasihi yetu kilichosomwa mwanzo hadi mwisho hakukipata. Ndipo akaingia katika jumba moja la vitabu liitwalo LibriVox, lililoanzishwa mwaka 2005, ambamo watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha muda, na kila mtu huruhusiwa kuvichukua bure. Kwa kuwa neno bure alilipenda zaidi, akanichukulia vitabu chungu nzima bila ya kuchagua. Cha kwanza kilikuwa cha hadithi za wanyama, kimeandikwa kwa Kiingereza na mama mmoja wa Marekani, Ellen Babbitt, mwaka 1912. Jina lake ni Jataka Tales.

Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke ikaanza kusimulia habari ya kima aliyekaa juu ya mti kando ya mto, na mamba aliyekuwa akiishi majini. Mamba anatumwa akalete moyo wa kima. Anamdanganya kima ampande mgongoni amvushe ng'ambo penye matunda mazuri. Walipofika katikati ya maji, mamba akaanza kuzama, na alipoulizwa sababu akasema kweli: moyo wako ndio unaotakiwa.

Dada yangu alikuwa ndani anachambua kunde. Akapaza sauti, "Huyo Mzungu anasoma nini tangu asubuhi?"

"Hadithi ya kima," nikamjibu.

"Kima gani?"

Nikamweleza kwa Kiswahili mpaka pale nilipofikia. Hakuniacha nimalize. Akatoka na ungo wake, akasimama mlangoni, akasema, "Kima akamwambia papa, sisi mioyo yetu hatutembei nayo, huiacha juu ya miti. Nirejeshe nikauchukue. Hiyo si ya bibi? Na mti wenyewe ni mkuyu. Huyo mamba wenu ametoka wapi? Ni papa!"

Nikacheka hata nikajishika jicho. Maana alisema kweli. Hii ni hadithi aliyotusimulia bibi yetu Kibokoni, usiku, taa ikiwa imepunguzwa utambi. Tena si bibi yetu peke yake. Askofu Edward Steere aliisikia Unguja kwa Waswahili wenyewe, akaichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, ndani ya kisa cha punda wa dobi. Na katika masimulizi ya Wabudha, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, kima yule yule ameuacha moyo wake juu ya mti wa jamii ile ile ya mkuyu. Tofauti ni kwamba kwao mnyama wa majini ni mamba, kwetu ni papa. Na kwao, hadithi ikisha, msimulizi husema kwamba yule kima alikuwa Budha mwenyewe katika maisha yake ya kale, kabla hajazaliwa mara ya mwisho.

Imefikaje Mvita? Njia moja inajulikana. Visa vya namna hii vilikuwa vikisimuliwa Bara Hindi tangu kale. Katika karne ya 6 tabibu mmoja wa mfalme Anushirwani wa Uajemi, jina lake Burzoe, alivipeleka kwao. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akavitia katika Kiarabu, na kitabu chake cha Kalila wa Dimna kina mlango mzima wa kima, ila mwenzake humo ni kobe. Njia ya pili haikuandikwa na mtu: ni midomo ya mabaharia wa majahazi, waliokuja na kaskazi kutoka Kachi na Bombay, wakangoja kusi pamoja na babu zetu, na katika kungoja hawakuwa na kazi ila kusimuliana.

Tangu siku ile nikapata hamu. Nikamwambia mpwa wangu aniongezee. Akanipa Dhammapada, mkusanyiko wa beti 423 za mafundisho ya Budha. Akanipa The Light of Asia, shairi refu la Edwin Arnold lililotoka mwaka 1879. Huyo alikuwa Mwingereza mwandishi wa gazeti kama mimi, akatunga maisha ya Budha katika vitabu vinane. Kisha akanilipia kitabu cha mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwezi wa Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 95, baada ya kukaa uhamishoni karibu miaka 40 kwa kuwa aliwaomba wenye vita wa pande zote mbili waweke silaha chini. Nikasikiliza vyote. Haya sasa ndiyo maoni ya msikilizaji mmoja, wala si fatwa.

La kwanza ni sauti. Vile vitabu vya bure husomwa na watu mbalimbali, mlango huu na yule, mlango ule na huyu. Mmoja husoma kama anayetangaza habari za saa mbili, mwengine kama anayekimbizwa na mvua. Lakini nilivipenda, kwa sababu unamsikia binadamu. Vitabu vya kununua vina ubingwa wake: sauti laini, kengele kwa mbali, mara maji yanatiririka. Nakiri kwamba sura ya kweli nne nilianza kuisikiliza mara tatu, na mara zote tatu usingizi ulinichukua kabla ya kweli ya tatu. Nilipozinduka, simu ilikuwa bado inawahutubia kuku. Mafundisho ya kumwamsha mtu hayafai kusomwa kwa sauti ya kumlaza.

La pili ni kurudiarudia. Maneno ya Wabudha hurudi nyuma na kusema tena yale yale, na aliyeyasoma kwa macho huyachukia. Kwa masikio nilifahamu sababu. Kwa karne kadhaa hayakuandikwa. Watawa waliyahifadhi vifuani, kundi hili sehemu hii na kundi lile sehemu ile, wakiyasoma kwa pamoja, mpaka yalipotiwa maandishini kisiwani Sri Lanka katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Hotuba zao huanza kwa msimulizi kusema kwamba hivi ndivyo alivyosikia. Msomaji aliyepata kukaa katika darasa la hadithi za Mtume, Swala na Salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, hawezi kuisikia desturi hiyo bila ya kukumbuka fulani kapokea kwa fulani. Dini ni tofauti, lakini kazi ya sikio ni moja.

Wala sisi hatuna haki ya kukidharau kitabu cha sauti. Mwaka 1961 huko Misri ilikamilika kurekodiwa Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ili aliye mbali apate kusikia matamshi yaliyo sawa. Wangapi kati yetu tumelelewa na sauti hiyo? Hata hivyo, hakuna aliyehitimu kwa sahani ya santuri. Ilikuwa lazima uketi mbele ya mtu akusikilize wewe. Neno hilo lishike, nitalirudia.

La tatu ni mafundisho yenyewe, na hapa nitasema ukweli pande zote mbili. Yako mema. Thich Nhat Hanh amefundisha kwamba mtu akiosha vyombo, na aoshe vyombo, moyo wake usiwe umeshatangulia kwenye chai. Mimi niliyesikia tangu utotoni juu ya khushuu katika sala, ambaye mara ngapi nimesujudu na huku nahesabu deni la duka, niliona haya. Na fundisho lao kwamba kila kilichojengwa kitabomoka si geni kwa Mswahili hata kidogo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 akiyaangalia magofu ya Pate, na aliyesemezana naye ndani ya utenzi ule ni moyo wake mwenyewe.

Lakini Sayyid Abdalla alipouonyesha moyo magofu, aliuonya juu ya Siku ya Malipo, maana uko mahali unapokwenda. Hapa ndipo njia zinapoachana, wala si vizuri kuzifunika tofauti kwa maneno matamu. Wao hawamtaji Muumba wa kurejewa. Wanasema ya kuzaliwa tena na tena, na mwisho wa safari kwao ni kuzimika kwa tamaa na kukoma kwa marejeo hayo. Hata nafsi tunayoiita yetu, wao wanasema ukiitafuta huioni. Muislamu anaweza kuyasikiliza hayo na kuyafahamu. Kuyaitakidi ni jambo jingine.

Dada yangu hakuridhika. "Mwanzo ilikuwa kima, nikanyamaza," alisema. "Sasa umetoka kwenye kima umeingia kwenye masanamu."

Nikajitetea kwa wanazuoni. Nikamwambia kwamba Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliandika habari za Budha katika kitabu chake cha mila na madhehebu, na akasema kwamba anayesifiwa hivyo, kama wayasemayo ni kweli, anafanana na Khidhri. Nikamwambia kwamba kisa cha Budha, mtoto wa mfalme aliyeacha jumba la babaye, kilisomwa Baghdad kwa Kiarabu kwa jina la Bilauhar na Budhasafu. Waandishi wakakinakili; na wewe unajua, be ina nukta moja chini na ye ina nukta mbili. Kalamu moja iliteleza, Budhasafu akawa Yudhasafu. Kisa kikapita kwa Wajorjia, kikafika kwa Wagiriki, na huko Ulaya jina likawa Josaphat, akahesabiwa miongoni mwa watakatifu wa Kanisa na akapewa siku yake, tarehe 27 Novemba. Kwa muda wa mamia ya miaka Wakristo walimkumbuka Budha bila ya kujua, na jina lilipotea kwa sababu ya nukta moja ya Kiarabu!

Nilidhani nimeshinda. Dada akanitazama. "Hao walikuwa wanazuoni," akasema. "Wewe una jicho moja."

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Baghdad tu. Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala kiasi cha mwaka 1920. Huko Uganda, mwananchi wa Kiganda aliyetawa na kuitwa Buddharakkhita alianzisha kituo chao karibu na Entebbe mwaka 2005. Na kutoka Mayoni, Entebbe ni karibu kuliko Mombasa. Jirani yako ni vyema umjue anasema nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika shairi la Arnold kuna kisa cha mwanamke ajulikanaye kwa jina la Kisa Gotami. Mtoto wake alikufa, akili ikamruka, akawa anambeba anatafuta dawa. Budha akamwambia: nenda ukaniletee punje za haradali, lakini uzipate katika nyumba ambayo hakujafa mtu. Akaenda mlango kwa mlango. Haradali kila nyumba ilikuwako. Nyumba isiyofiwa haikuwako. Jioni akafahamu, akaenda kumzika mwanawe.

Nilikisikia asubuhi, kikanipendeza kama mtunzi anavyopendezwa na kazi ya mtunzi mwenzake. Jioni, tunakunywa chai, nikamsimulia dada kwa Kiswahili, nikakipamba, nikakifikisha mwisho. Na nilipokwisha, ndipo nikakumbuka. Dada yangu alimzika mwanawe wa pili mwaka jana. Homa ya siku nne. Mimi mwenyewe nilikuwako, nikasoma hitma, na kaburi liko nyuma ya nyumba ile ile, mita chache tu kutoka pale tulipokaa.

Sikujua niweke wapi uso. Yeye alikuwa ameinamia kikombe. Kisha akasema taratibu, "Huyo mwenzangu aliambiwa aende nyumba kwa nyumba. Mimi nyumba zilinijia. Kila aliyekuja kukaa matanga alikuja na maiti wake. Mama wa hapo pili alizika wawili. Sikuambiwa na mtu, niliona."

Nikanyamaza.

"Lakini nikuulize," akasema. "Huyo Budha wako alimwambia mtoto yuko wapi?"

"Hakumwambia," nikasema.

"Basi alimpa nusu. Mimi wangu najua aliyempokea, na najua nitamwona. Hiyo ndiyo nusu inayonilaza usiku." Akakunywa chai yake. Halafu akaongeza, na hili sikulitazamia, "Ila nusu aliyompa si mbaya. Wako waliokuja hapa wakanikemea, subiri, subiri, kulia ni haramu. Na Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, si alilia? Huyo wako hakumkemea mwenzangu. Alimwacha atembee."

Usiku ule sikusikiliza kitu. Nilifikiri, na nilichokifikia ni hiki. Budha katika kile kisa hakutoa hotuba kwa kila mtu. Alimtazama mwanamke mmoja aliyesimama mbele yake, akampa dawa yake yeye. Labda kwa mwengine angesema neno jingine, au asingesema kabisa. Kitabu cha sauti kimekichukua kisa hicho na kukimwaga katika kila sikio: la mwenye harusi na la aliyefiwa, la mzima na la mgonjwa. Hakimwoni anayesikiliza. Na mimi, kwa kukaa na kitabu hicho wiki mbili, nilifanya kama kilivyofanya: nikasema bila ya kutazama uso ulio mbele yangu.

Hii ndiyo aibu ya vitabu vya dini vya kusikiliza, viwe vya Wabudha, viwe vya Wakristo, viwe mawaidha yetu wenyewe ya kanda na ya simu. Sheikh aliyeko ndani ya simu anapiga kelele juu ya moto, na hajui kwamba anayemsikiliza ni mjane aliyekesha akilia. Mtawa aliyeko ndani ya simu ananong'ona kwamba tuache kung'ang'ania, na hajui kwamba anayemsikiliza ni kijana aliyeacha kazi, aliyeacha na sala, ambaye dawa yake ni kuambiwa ang'ang'anie. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa mkali, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini alijua nani kalala na njaa. Kwa huyo hakumnyanyulia fimbo siku hiyo. Alimpa kipande cha mkate kwanza, kisha ndipo akasema, "Soma."

Je, niseme basi tusisikilize? La. Ningekuwa mnafiki, maana nimefaidika. Nasema tusikilize kama wasikilizavyo watu wazima: tujue anayesema ni nani, tujue itikadi yake inaishia wapi na yetu inaanzia wapi, na likitushika neno, tukamuulize aliye hai. Watoto wetu wanazo simu hizi masikioni mchana na usiku. Kuwakataza hatuwezi. Kukaa nao barazani na kuwauliza, "Umesikia nini leo?" tunaweza, na ni wachache wanaofanya.

Na jambo la mwisho ni lawama, nayo naitia kwangu kwanza. Mpwa wangu alipotafuta Kiswahili hakukipata. Mmarekani amezisoma Jataka, Mwingereza amesomewa Arnold wake, wote kwa kujitolea, bila ya serikali wala msaada. Na sisi tuliosifika kwa tenzi zisomwazo kwa sauti, ambao mama zetu waliujua utenzi wa Mwana Kupona kwa moyo, tumenyamaza. Washairi tuko wangapi pwani? Simu tunazo. Sauti tunazo. Tunangoja Mzungu gani?

Nilimwambia dada hivyo asubuhi yake, kwa kelele kidogo, kama ilivyo ada yangu ninapokuwa na kosa. Akanijibu, "Basi wewe unaijua Inkishafi. Mwambie mpwao aweke hiyo simu hapo mezani. Soma."

Nikasoma. Trekta zilipita mara mbili, jogoo akaingilia mara nyingi, na ubeti mmoja niliukosea nikaruka mstari. Nilidhani amesinzia. Bila ya kunyanyua kichwa katika kunde zake akasema, "Rudi nyuma. Umeacha." Nikarudi nyuma. Bibi alikuwa ametufundisha sote wawili, nami nilikuwa nimesahau.

Kipande hicho mpwa wangu hakukifuta, na sauti ya dada yangu akinisahihisha imo ndani yake. Watakaosikiliza watajua kwamba aliyesoma alikuwa na mtu mbele yake. Nami, kabla hujaja kunisomea albadiri kwa kusikiliza ya Wabudha, nakuachia ubeti huu mmoja:

Nimesikiza ya mbali, masikio yamejaa,
Yako yaliyo na kweli, na yaliyo na hadaa,
Nikapima kwa akili, nikatwaa ya kutwaa,
Moyo ni wake Jalali, kwake ndiko utakaa.